Kutoka "Shule ya Vipofu" hadi "Elimu Jumuishi": Historia ya Istilahi na Mtoto wa Kijijini

Historia ya istilahi aghalabu huandikwa kana kwamba maneno huzaliwa vikaoni, hujadiliwa na wataalamu, husanifiwa, kisha hupelekwa kwa watumiaji kama barua iliyokwisha kugongwa muhuri. Yako maneno, hata hivyo, ambayo hukumu yake hutolewa mahali pengine kabisa. Maneno tunayotumia kumtaja mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kutembea ni ya aina hiyo. Hukumu yake hutolewa katika shule ya kijiji, mwezi wa uandikishaji, pale mwalimu mkuu anapolazimika kuandika neno moja mbele ya jina la mtoto. Neno hilo ndilo litakaloamua kama mtoto ataketi darasani pamoja na wenzake, atapelekwa bweni la mkoa wa mbali, au atarudi nyumbani kulinda kuku.

Makala haya yanakusudia kufuatilia safari ya maneno hayo katika Tanzania, tangu shule ya kwanza ya wasioona ilipofunguliwa mwaka 1950 hadi istilahi ya elimu jumuishi ilipoingia katika mikakati ya Serikali. Hoja tunayotaka kuijenga ni kwamba si kila badiliko la jina lilikuwa na uzito mmoja. Mabadiliko mengi yaliongeza heshima, nalo ni jambo jema. Machache yalibadili mtendaji, yaani yalieleza upya ni nani anayepaswa kufanya jambo ili mtoto huyo asome: yeye mwenyewe, wazazi wake, au shule. Mabadiliko hayo machache ndiyo yaliyomfikia mtoto wa kijijini.

Tuanze na maneno ya kale. Msomaji anayajua: kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, kigugumizi, bubu, chongo, taahira. Wako wanaodai kwamba dharau iliyomo katika mengi ya maneno haya imetokana na ngeli ya ki-/vi-, ambayo huwaweka watu hao pamoja na viti na vikombe. Dai hili lina ukweli kidogo, lakini halifiki mbali. Kiongozi, kijana, kinyozi na kiranja wamo katika ngeli hiyo hiyo, wala haijasikika kwamba kiranja wa darasa amenung'unika kuwa amefanywa kitu. Isitoshe, upatanisho wa sarufi huwatambua wote kuwa ni viumbe hai: twasema kipofu amefika, hatusemi kipofu kimefika. Ikiwa dharau ipo, na ipo, basi haikutoka katika kiambishi peke yake. Ilitoka katika desturi ya kumtaja mtu mzima kwa sehemu moja ya mwili wake, kisha kuliacha jina lake halisi likapotea. Vijijini mwetu wako wazee ambao majina waliyopewa na wazazi wao hayajulikani hata na majirani, kwa kuwa tangu utotoni waliitwa Chongo au Kiguru, nao wakaitika.

Jambo la kuangalia zaidi katika maneno hayo ni mahali yalipo makali na mahali yalipo butu. Kwa kilema kinachoonekana, lugha ilikuwa na maneno mengi na yenye kupambanua: mwenye jicho moja si sawa na asiyeona kabisa, mwenye makengeza si sawa na mwenye mtoto wa jicho, kiwete si sawa na kibiongo. Kwa yale yasiyoonekana lugha ilibabaisha. Taahira, punguani, zuzu na mjinga yalitumika kwa kubadilishana, na mtoto aliyechelewa kujifunza kwa sababu yoyote ile aliweza kuitwa mojawapo kwa kadiri ya hasira ya msemaji.

Mfano mkubwa kuliko yote ni neno bubu. Mtoto aliyezaliwa hasikii, kijijini aghalabu hakuitwa kiziwi, aliitwa bubu. Watu walikuwa wakiona kinyume: waliuona mdomo usiosema, hawakuliona sikio lisilosikia. Kwa jina hilo tatizo likahamishwa kutoka sikioni likawekwa mdomoni, na dawa nayo ikatafutwa huko huko. Tusidhani kwamba kosa hili ni la wanavijiji wetu tu. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano, Italia, mwaka 1880, ambao washiriki wake walikuwa wasomi wa Ulaya na Marekani, ulipitisha azimio la kupendelea kufundisha kwa matamshi na kuziweka kando ishara za mikono. Fikra hiyo ilisafiri pamoja na wamisionari na wataalamu hata ikafika kwetu, ikakuta neno bubu linaingoja.

Shule zenyewe zilianza kwa mkono wa makanisa. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, karibu na Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa la Kilutheri likafungua nyingine huko Irente, Lushoto, na mwaka huo huo Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi mjini Tabora. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na ya Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Mtu asiyejua historia hii huweza kudhani kwamba zilikuwa shule nyingi. Zipange katika ramani ya nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 900,000, nawe utaona upana wa nafasi zilizobaki tupu. Mtoto wa kijiji cha Mpanda ambaye hakusikia alikuwa na shule moja tu ya kutumainia, nayo ilikuwa Tabora, mwendo wa reli. Na kama baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, nauli ya kwenda na kurudi kila likizo haikuwa jambo dogo. Aghalabu alikwenda akakaa. Alirudi nyumbani akiwa amejifunza kusoma na kuandika, lakini hana neno la kuzungumza na mama yake, kwani ishara alizojifunza na wenzake bwenini hazikujulikana kijijini.

Shule hizo ziliitwa kwa majina ya wanafunzi wake: Shule ya Vipofu, Shule ya Viziwi. Baadaye jina la jumla likapatikana, nalo ni shule maalumu. Neno maalumu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kinachojulikana. Kiswahili kimelichukua kwa maana ya kitu kilichotengwa kwa kazi fulani, na kwa maana hiyo limetufaa sana. Lakini tukiruhusiwa kucheza kidogo na asili ya neno, tutaona jinsi mtoto huyo alivyokuwa maalumu kwa walimu wa bwenini na asiyejulikana tena kwao alikozaliwa.

Isidhaniwe kuwa tunazibeza shule hizo. Zilipofunguliwa hapakuwa na kitu kingine, na ndani yake ndimo zilimopata makao baadhi ya istilahi bora kuliko zote katika uwanja huu. Chukua nukta nundu. Mfaransa Louis Braille, ambaye alipoteza kuona utotoni, alitangaza mfumo wake wa maandishi ya nukta mwaka 1829, na lugha nyingi za dunia zimeuita mfumo huo kwa jina lake. Majirani zetu wa Kenya husema breli, nalo ni neno lisilo na kosa. Lakini nukta nundu ni jina linaloeleza kitu chenyewe: nukta iliyoinuka kama nundu ya ng'ombe, inayotafutwa kwa ncha ya kidole. Mfugaji wa Kongwa ambaye hajawahi kuliona karatasi hilo akiambiwa neno hili hupata picha mara moja. Istilahi inayoweza kueleweka na mzazi asiyesoma ina thamani kubwa, kwa sababu mzazi huyo ndiye atakayeamua kumtoa mtoto nyumbani au kumficha.

Sasa tufike miaka ya 1970, ambayo ndiyo iliyobadili sura ya shule ya kijiji. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa, na mwaka 1977 ndio uliowekwa kuwa wa kutimiza. Wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya maendeleo, na shule zikajengwa kwa nguvu za wananchi kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, yaani Sheria Namba 25, ikamlazimisha kila mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba na ambaye hajafikia miaka kumi na mitatu.

Neno tunalopaswa kulichunguza hapa ni neno dogo kabisa: wote. Katika sarufi ni neno lisilobagua. Katika orodha ya mwalimu lilibagua bila ya mtu yeyote kutoa amri. Balozi wa nyumba kumi alipopita kuhesabu watoto wa umri wa kwenda shule, alihesabu watoto ambao kwa fikra zake na za wazazi wangeweza kwenda shule. Kilema hakuwamo katika hesabu hiyo, na kutokuwamo kwake hakukuonekana kuwa uvunjaji wa sheria, kwa sababu lugha ilikwisha mweka katika kundi lake lenye shule yake. Kule kuwapo kwa istilahi ya shule maalumu kulimpa mwalimu wa kijiji jibu la haraka: huyu si wa hapa, yeye ana shule yake. Kwamba shule hiyo ilikuwa umbali wa siku mbili, na kwamba nafasi zake zilikuwa chache, halikuwa tena jambo la mwalimu. Hivyo istilahi iliyobuniwa ili kumfungulia mtoto mmoja mlango wa Irente iliweza kuwafungia wengine wengi mlango wa shule iliyokuwa mbele ya nyumba zao.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili, moja juu ya ajira za walemavu na nyingine juu ya matunzo yao. Katika kipindi hiki neno mlemavu lilishika mahali pa kilema katika magazeti, redioni na katika majina ya vyama, kama linavyoshuhudia jina la Chama cha Walemavu Tanzania. Kiisimu ni badiliko zuri. Shina ni lile lile la kitenzi lemaa, lakini kilema huweza kuwa mtu na huweza kuwa dosari yenyewe, ilhali mlemavu ni mtu tu, naye amehamia ngeli ya m-/wa- pamoja na mwalimu na mkulima. Hata hivyo, ukiangalia sheria ya matunzo utaona kwamba mtendaji hakubadilika sana: mlemavu aliendelea kuwa mtu wa kutunzwa.

Katika miaka hiyo wenyewe walianza kujichagulia majina, na hapo ndipo wataalamu wa istilahi wanapopata somo lisilo katika vitabu. Waliokuwa wakiitwa vipofu walipendelea kuitwa wasioona, na chama chao kikajulikana kuwa Chama cha Wasioona Tanzania. Mtu angetegemea kwamba viziwi nao, kwa mantiki ile ile, wangetaka kuitwa wasiosikia. Haikuwa hivyo. Chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, na wanachama wake wamelishika neno kiziwi kwa mikono miwili. Sababu yao ina uzito. Asiyesikia ni mtu aliyepungukiwa na kitu. Kiziwi ni mtu mwenye lugha yake, yaani lugha ya alama, na mwenye wenzake wanaoitumia. Walichokikataa kwa nguvu ni bubu, pamoja na kiziwi-bubu, kwa kuwa mtu anayezungumza kwa mikono si bubu. Ikiwa Baraza lolote la lugha lingalikaa mezani na kutunga kanuni moja, kwamba kila jina la ki- libadilishwe liwe la asiye-, lingaliwafurahisha wasioona na kuwakosea viziwi kwa siku moja. Ukienda kwa wenye chongo, wahenga walisema, fumba lako jicho.

Turudi shuleni. Wazo la kumsomesha mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kawaida halikungoja miaka ya 1990. Tangu miaka ya 1960 na 1970 vilianza kufunguliwa vitengo ndani ya shule za msingi, na shule zenye vitengo hivyo zikaanza kupewa majina mawili: mchanganyiko na mseto. Hata leo majina hayo yangali yameandikwa katika mabango, kama Buhangija Mchanganyiko huko Shinyanga na Mugeza Mseto huko Bukoba. Maneno haya mawili yanastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu yanaonesha jinsi neno zuri linavyoweza kutofika mahali lilipotumwa.

Mchanganyiko lilikuwa na kazi nyingine kabla ya kupewa hii. Shule ya mchanganyiko, kwa watu wengi, ni shule ya wavulana na wasichana. Na kwa waliokuwa watu wazima wakati wa Uhuru, neno kuchanganya lilikumbusha pia jambo jingine, yaani kuunganishwa kwa shule za Waafrika, Waasia na Wazungu, hatua iliyochukuliwa tangu Januari 1962. Kwa hiyo jina la shule peke yake halikumwambia mzazi wa Maswa kwamba mtoto wake asiyeona angepokewa hapo. Alidhani ni shule ya wavulana na wasichana, kama zilivyo nyingine.

Mseto lina utamu wake. Kila mpishi anajua kwamba mseto ni mchele na choroko, au mahindi na maharage, vilivyopikwa katika chungu kimoja. Ni picha ya kupendeza kwa shule. Lakini mpishi huyo huyo anajua kwamba katika mseto choroko hubaki choroko, na ukitaka waweza kuichambua pembeni mwa sahani. Ndivyo vilivyokuwa vitengo vingi. Wanafunzi walikuwa katika uwanja mmoja, wakaimba wimbo wa Taifa mstari mmoja, kisha kengele ikilia, wale wa kitengo wakaingia chumba chao na mwalimu wao, na wengine wakaenda vyao. Mwalimu wa kitengo akiugua, wanafunzi wake hawakufundishwa siku hiyo, kwa sababu walikuwa wanafunzi wake yeye na si wa shule. Yote mawili, mchanganyiko na mseto, ni majina ya hali: yanaeleza vitu vilivyo pamoja. Hayasemi ni nani anayepaswa kubadilika ili vikae pamoja.

Hapa nitamwomba msomaji anivumilie nikae kidogo juu ya istilahi moja ambayo haina sifa nyingi, lakini kwa maoni yangu imewaokoa watoto wengi kuliko yale majina makubwa. Nayo ni uoni hafifu.

Kabla ya istilahi hii, fikra za watu wengi zilikuwa na mafungu mawili tu: anaona au haoni. Mtoto aliyeweza kutembea bila ya kushikwa mkono alihesabiwa kuwa anaona. Aliposhindwa kusoma ubaoni aliambiwa ni mzembe, akachapwa, na aghalabu kufikia darasa la tatu alikwisha kuacha shule. Yule ambaye macho yake yalikuwa dhaifu kiasi cha kuonekana na kila mtu alipelekwa upande wa pili, akahesabiwa kuwa haoni. Waliopata hasara zaidi katika mgawanyo huu ni watoto wenye ualbino. Macho yao hushindwa kustahimili mwanga mkali na hayaoni mbali, lakini wengi wao huweza kusoma maandishi ya kawaida wakiyasogeza karibu, au maandishi yaliyokuzwa. Kwa kuwa lugha haikuwa na fungu la katikati, wengi walipokewa katika shule za wasioona, na wapo waliofundishwa nukta nundu wakazisoma kwa macho, wameinama juu ya karatasi, badala ya vidole. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na mafungu mawili, naye akachagua moja.

Mara istilahi ya uoni hafifu ilipoingia katika mafunzo ya walimu na katika takwimu za elimu, ikiwa na safu yake mbali na safu ya wasioona, mtoto huyo alipata mahali. Na mahitaji yake yalionekana kuwa ya shule ya kijiji kabisa: dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua, kofia yenye ukingo mpana, mwalimu mwenye kusoma kwa sauti yale anayoyaandika ubaoni, kitabu cha herufi kubwa au kioo cha kukuzia. Hapana hata kimoja katika hivyo kinachohitaji bweni la mkoa wa mbali.

Jina la watoto hao lenyewe limepita njia ndefu. Zeruzeru lilikuwa neno la kawaida, na lilibeba imani za kutisha. Likafuata albino, neno la mkopo, kisha mtu mwenye ualbino. Mauaji na ukataji wa viungo yaliyoripotiwa kwa wingi tangu mwaka 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yalidhihirisha kwamba jambo hili halikuwa la adabu ya mazungumzo tu. Katika miaka hiyo watoto wengi wenye ualbino walikimbiziwa katika shule za bweni, zikiwamo Buhangija na ile ya Mitindo, wilayani Misungwi, ili wapate usalama. Hivyo, katika miaka ile ile ambayo nyaraka za Serikali zilikuwa zikihimiza watoto wasome vijijini kwao, hofu iliwarudisha mabwenini. Mwandishi wa historia ya istilahi lazima alitaje jambo hili, la sivyo atawaachia wasomaji picha ya maneno yanayosonga mbele daima.

Istilahi ya elimu jumuishi ilitanguliwa na mikutano miwili ya kimataifa. Wa Jomtien, Thailand, mwaka 1990, ulisisitiza elimu kwa wote. Wa Salamanca, Hispania, uliofanyika Juni 1994 na kuhudhuriwa na wajumbe wa serikali 92, uliamua kwamba shule za kawaida ndizo zinazopaswa kuwapokea watoto wote, ziwe zimejiandaa kwa ajili yao. Tanzania Bara ilianza majaribio mwaka 1998 katika shule chache za Temeke, ambayo ni sehemu ya Dar es Salaam. Kijiji kikangoja, kama kawaida yake. Sera ya mwaka 2004 na Sheria ya mwaka 2010 zilitumia watu wenye ulemavu badala ya walemavu, na mwaka 2009, ambao ndio mwaka Tanzania ilipouridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulianza Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa kufikia 2017. Mwingine ukafuata, na wa 2021/22 hadi 2025/26 baada yake.

Jumuishi ni neno la namna gani? Limetokana na kitenzi jumuisha, chenye undugu na jumuiya, likaundwa kwa kiishio cha -i cha mtendaji, kama tunavyopata shirikishi kutoka shirikisha na elekezi kutoka elekeza. Maana yake, basi, ni chenye kujumuisha. Elimu jumuishi ni elimu inayofanya kazi ya kujumuisha. Linganisha na mchanganyiko na mseto, nawe utaona tofauti tuliyoitaja mwanzoni. Kwa mara ya kwanza mtendaji ni elimu yenyewe, na kwa hiyo ni shule, mwalimu, kamati ya shule na aliyejenga madarasa yenye ngazi bila ya mteremko. Mtoto hatakiwi kujichanganya. Shule ndiyo inayotakiwa kumjumuisha. Hili ndilo badiliko la pili la mtendaji, baada ya lile la uoni hafifu ambalo lilimwondolea mtoto lawama ya uzembe na kuipeleka katika mpangilio wa madawati.

Zanzibar wamechagua elimu mjumuisho. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba tofauti hii ni ya kuleta vurugu na yafaa iondolewe haraka. Sioni haraka hiyo. Mjumuisho ni nomino ya tendo, kama mzunguko na msukumo, na husisitiza mwendo wa jambo. Jumuishi ni kivumishi na husisitiza sifa yake. Mimi, nikitakiwa kuchagua, nitachagua jumuishi kwa sababu ya yule mtendaji. Lakini mtu wa Micheweni anayesema mjumuisho na kumpokea mtoto amelielewa neno kuliko mtu wa Bara anayesema jumuishi na kumrudisha.

Hatari iliyopo ni nyingine. Istilahi zote za uwanja huu zina tabia ya kuteleza kutoka katika shule na kumwangukia mtoto. Elimu maalumu ilikuwa sifa ya elimu, lakini haikuchukua muda tukawa na watoto maalumu. Mahitaji maalumu yakawa jina la wenye mahitaji, kisha hata mahitaji yakaachwa. Iwapo siku moja tutazoea kusema mtoto jumuishi kwa maana ya mtoto mwenye ulemavu, neno litakuwa limegeuzwa kichwa chini, kwa kuwa mtoto huyo hajumuishi mtu. Yeye ndiye anayejumuishwa. Watunzi wa kamusi wanaweza kuzuia kosa hilo mapema kwa kutoa mifano ya matumizi ambamo jumuishi hufuata shule, darasa, mtaala na elimu, wala haifuati mtu.

Njia nyingine imeoneshwa na watu wa takwimu, ambao kwa kawaida hatuwategemei kutufundisha lugha. Sensa ya mwaka 2012 haikuuliza tu kama nyumbani kuna kipofu au kiziwi. Iliuliza juu ya shida ya kuona hata kwa miwani, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujihudumia, na ikawa na swali lake juu ya ualbino. Nomino zikawekwa kando, vitenzi vikachukua mahali pake. Mama anayeona aibu kusema kwamba mwanawe ni kiziwi huweza kusema bila ya shida kwamba mtoto hasikii vizuri akiitwa kwa nyuma. Fomu ya uandikishaji ya darasa la kwanza ingeweza kufuata mwenendo huo, na mwalimu angepata habari ambazo zingemsaidia kazi: mtoto anasoma ubao akiwa mstari wa ngapi, anaisikia kengele, anaweza kushika kalamu, anafika shuleni kwa miguu yake au kwa kubebwa.

Limebaki suala la lugha ya alama, ambalo halijaamuliwa vya kutosha. Tanzania twasema alama, Kenya husema ishara, na kila upande una hoja zake. Ishara huweza kuwa ya mtu yeyote, hata ya dereva anayenyoosha mkono. Alama hukaribiana na herufi na noti za muziki, yaani kitu chenye utaratibu uliokubaliwa. Lakini katika vijiji vingi kuna jambo la tatu lisilo na jina. Mtoto kiziwi ambaye hajaenda shule hutunga na mama yake na ndugu zake namna yao ya kuzungumza kwa mikono, yenye majina ya vyakula, ya mifugo, ya majirani na ya hatari. Haijafikia kuwa lugha ya alama ya Tanzania, wala si ishara za hapa na pale. Mwalimu anayempokea mtoto huyo hana neno la kuitaja, na kwa sababu hana neno, huandika kwamba mtoto amekuja bila ya lugha. Pendekezo langu ni alama za nyumbani, kwa kufuata mfano wa lugha ya nyumbani ambayo walimu wanaifahamu tayari. Viziwi wenyewe waulizwe kwanza.